Banjo la Faraj Linamsema Nani?

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya historia! Faraj amenitumia albamu yake ya kwanza, ya peke yake, nyimbo tisa. Mimi ndiye meneja wake. Hakuna tulichotia sahihi, ila nilimwambia mwezi uliopita kwamba mimi ni meneja wake na hakukataa. Faraj hakatai kitu. Miaka na miaka amekaa nyuma ya waimbaji kwenye harusi za Mji wa Kale, banjo mapajani, kichwa chini, na hakuna bibi harusi hata mmoja anayeweza kumtambua akimpita njiani.

Nimejifungia chumbani baada ya kazi kusikiliza. Ya kwanza imeanza vizuri. Banjo. Nikasubiri mwimbaji aingie. Banjo tena. Nikasubiri. Wimbo ukaisha! Nikajua simu ina hitilafu. Nikapuliza tundu la spika. Ya pili, banjo. Ya tatu, banjo. Mpaka ya tisa hakuna binadamu aliyefungua kinywa.

Nimekimbia hadi kwake Kuze na kandambili za bafuni. Nikamwambia wale wa studio ya Tudor wamemfutia mwimbaji. Akanitazama. Akasema hakuna mwimbaji. Nikamuuliza ataingia lini. Akasema haingii, hii ni albamu ya banjo. Na nyimbo zenyewe hazina majina! Ya Kwanza, Ya Pili, Ya Tatu, basi. Akasema jina nalo ni neno.

Nikaketi kwenye ngazi zake. Nimeshawaambia akina mama wote wa Biashara Street kwamba ndani kuna maneno ya kukata na shoka! Na ukumbi umeshachukuliwa, Jumamosi hii baada ya alasiri.

Faraj akasema, kwa sauti yake ile ya kuomba radhi, kwamba pasipokuja watu Jumamosi atalifunga banjo kwenye shuka, arudi kukaa nyuma ya waimbaji, na hatamsumbua mtu tena. Wenzake wa kundi wameshamwambia ameingiwa na kiburi. Alisema bila kulalamika, na ndiyo maana iliniuma.

Nimerudi nikasikiliza upya, maadamu hakuna wa kusubiriwa. Mshtuko wa pili! Ya kwanza inaanza kama harusi ya hapa Kibokoni, taratibu, ya kujipamba. Halafu kidole kimoja kinateleza na ghafla tuko kwetu Busia, benga tupu, na mguu wangu umeanza kazi bila idhini. Ya sita ni wimbo wa kanisani, wa mazishi kabisa, ambao katikati unaanza kutikisa kiuno. Chakacha ndani ya mazishi! Nani humruhusu huyu mtu? Na ya tatu sijui ni nini. Si taarabu, si mwanzele, si kitu ninachokijua. Ni fupi, na haina haraka. Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza kualika watu. Maafa.

Nilianza na Bi Mejumaa, mwenye nyumba wangu, anayekaa chini nami juu. Huyu akikubali, nusu ya Kibokoni imekubali. Akanipokea kwa masalkheri yake ndefu, akaniuliza hali ya kazi, ya watu wa bara, ya kifua changu. Kisha akauliza nani anaimba. Nikasema banjo. Akauliza tena polepole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa jina lake. Nikamweleza. Akasema muziki usio na maneno yuwaujua sana, huitwa bashraf, na kazi yake ni kupigwa watu wakitafuta viti. Sasa Faraj ameleta bashraf tisa. Watu watatafuta viti mpaka lini?

Halafu akaniuliza swali lililonibadilisha maisha. "Na zamsema nani hizo, Girifini?"

Jina langu ni Griffins. Nimeshazoea.

Nikasema hazimsemi mtu. Akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Mombasa hii, mtu ajifungie studio, atoe albamu nzima, na asimseme mtu? Ana wazimu?

Hapo akili ikafunguka. Mimi ni mtu wa Bumala huko Busia, lakini miaka ya Kibokoni imenifanya mwenyeji, na taarabu naijua vizuri kuliko wenyewe. Wimbo ni fumbo. Fumbo lina mtu wake. Aliyefurahi huinuka kumtunza mwimbaji, noti mkononi, huku macho yamemkazia yule anayetaka limfikie. Watu hawaji kusikiliza wimbo. Huja kuona nani ataangaliwa.

Nikainama. Nikamnong'oneza: ya tatu. Kisha nikatupa jicho ng'ambo ya kichochoro, kwa Bi Aida. Sikusema neno lingine. Jicho tu! Bi Aida ni jirani ambaye mlizamu wake, ule mfereji wa bati unaotoa maji ya paani, humwaga mvua yote juu ya baraza la Bi Mejumaa. Hawajasemezana tangu masika ya mwaka juzi.

Bi Mejumaa akashika kifua. Akasema atakuja, na hatakuja peke yake.

Nilipanda ngazi nikiruka. Nikashuka tena. Kwa nini niishie hapo? Nikavuka kichochoro, nikapiga hodi kwa Bi Aida, nikapewa maji ya ndimu, nikanong'ona. Nilitaka kusema ya nne, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea: ya tatu. Naye akashika kifua. Naye ataleta watu.

Kufikia magharibi nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba mpaka kwa Gunga anayeuza mbaazi na mahamri pale kona. Kila mmoja nimemtumia albamu kwenye simu na kumwachia wimbo mmoja unaomsema adui yake. Waliokosa adui niliwakumbusha. Nina akili jamani! Nilale.

Jumatano, 6 Agosti

Ofisini hakukaliki. Bonface, ambaye tunakaa meza moja kwenye hii kampuni ya kutoa mizigo bandarini, pia ni mwalimu wa kwaya, na kwa hiyo hujua kila kitu kinachotoa sauti. Amesikiliza albamu. Nani amempa? Amesema Faraj ana kipaji lakini hana mpangilio, na kinachohitajika ni sauti nne za kwaya zipandishwe juu ya banjo, nyimbo zote tisa. Ya sita imemtia homa. Wimbo ule ni wa wafu, akasema, na hakuna maiti aliyewahi kutikisa kiuno.

Nikacheka kwa dharau. Ndipo akaniambia, akichezea kikombe chake, kwamba mchana alikwenda kumwona Faraj kumwomba awe meneja wake.

Bonface! Mgongoni mwangu! Saa ya chakula!

Nimempigia Faraj. Nikamuuliza alimjibu nini. Akasema alimwambia tutaona Jumamosi. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema nawe pia, ndugu yangu, tutaona Jumamosi. Kwa hiyo ukumbi usipojaa, yeye anapoteza albamu na mimi nampoteza yeye kwa mtu anayevaa tai Jumatano.

Jioni Bi Mejumaa ameniita chini. Ya tatu ilikuwa ikilia kwenye simu yake tangu asubuhi. Alitaka kunifasiria. "Sikiza," akasema. "Hapa yuwasema, maji yako. Hapa, huna haya. Na hapa panapopanda, hapa, hata mamako alikuwa hivyo hivyo." Akarudisha nyuma. Nikasikiliza kwa makini, na Mungu wangu, nikaanza kusikia! Huna haya, dhahiri kabisa, kwenye uzi mwembamba!

Nikajikumbusha kwamba ni mimi niliyetunga. Hata hivyo nilipanda ngazi nikiinong'ona.

Bi Mejumaa na watu wake wamenunua sare, doti za kanga nyekundu. Dukani Biashara Street wamekutana na watu wa Bi Aida wakipimiwa za zambarau. Hakuna aliyesalimiana. Mambo yanakwenda vizuri kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Agosti

Pigo.

Faraj amekuja ofisini kwangu, jambo ambalo hajawahi kufanya, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Ameniuliza, kwa unyonge, kama amemkosea mtu. Tangu jana mtaa haumsalimii. Ametoa salamu kwenye baraza tatu na zote zimeangalia ukutani. Mombasa! Hapa hata mwizi huulizwa kwanza ameamkaje. Na leo asubuhi Gunga amekataa kumuuzia mbaazi. Alifunika sufuria, akasema zimekwisha, na mvuke ulikuwa ukitoka.

Nikamwambia ndiyo umaarufu huo. Akasema tangu uanze hajala.

Nimekwenda kwa Gunga kuchunguza. Loo! Nilichokuta sikukitegemea. Jumanne nilimwambia ya pili inamsema yule wa chapati aliye ng'ambo ya barabara, na Gunga alifurahi. Lakini usiku akafikiri. Kama mwenzangu amesemwa, akasema, mimi nimeachwa kwa nini? Mimi ni nani nisisemwe? Akazisikiliza zote tisa, na akajikuta kwenye ya saba. Ya saba ni nyepesi, inakwenda mbio, haina uzito. Yaani mbaazi zake zina maji mengi! Ameniambia hivyo na midomo ikimtetemeka, mtu mzima na ndevu zake.

Na si yeye peke yake. Mtaa mzima umejipangia. Kila aliyeambiwa adui yake ana wimbo ametafuta na wake, na kila mmoja amechagua ule mbaya zaidi. Hili sikulipangia kabisa. Nani angejua watu wanajidharau kiasi hiki?

Ila wote wanakuja Jumamosi. Gunga atafunga mapema. Anataka amwangalie Faraj usoni ya saba ikipigwa.

Nimemnunulia Faraj mahamri kwa jina langu, nikampelekea nyumbani. Alikula amesimama.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui niandike nini.

Gunga ameniita pembeni, kwa huruma. Huruma ya Gunga! Akaniuliza kama najua ya tano ni ya nani. Nikasema kila mtu na aamue mwenyewe. Akasema mtaa umeshaamua zamani. Ni ya mpangaji wa Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa ana mpangaji mmoja.

Nikacheka. Nikamwambia haiwezekani, nikijua fika haiwezekani, kwa kuwa mafumbo yote haya yalitoka kichwani mwangu Jumanne nikiwa nimekaa kwenye jamvi la Bi Mejumaa. Kisha nikapanda chumbani na kusikiliza ya tano.

Toba!

Inaanza, inaacha. Inaanza tena, inaacha. Inajitutumua kana kwamba sasa itasema jambo kubwa, inazunguka, inarudi pale pale. Mwishoni haiishi, inatoweka tu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Nimeisikiliza mpaka simu ikazima. Ni mimi. Hata hatua zangu za kupanda ngazi zimo! Faraj, niliyemlisha mahamri jana!

Nimekwenda kwake baada ya swala ya Ijumaa. Sikumuuliza moja kwa moja, mimi si mshamba. Nilimuuliza tu kama ya tano ilitokana na kiumbe chochote hai. Akafikiri, akatabasamu, akasema ndiyo. Ni paka. Kuna paka anayeruka kwenye paa la jirani yake kila asubuhi na kukosea.

Paka! Anadhani mimi mtoto? Paka gani ana roho ngumu namna ile? Nimemuaga kwa adabu na moyo umevunjika vipande. Lakini sitakaa kimya kesho. Taarabu naijua mimi. Anayesemwa akiinuka na kutunza kwa madaha, bila haya, wimbo humgeukia aliyeutuma. Nimeshaona kwa macho yangu. Nimepiga pasi shati.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike upesi kabla sijajificha.

Ukumbi ulijaa! Watu walisimama mpaka nje! Kushoto sare nyekundu, watu wa Bi Mejumaa. Kulia zambarau, watu wa Bi Aida. Katikati njia nyembamba ambayo hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Nyuma wanaume, na Gunga kati yao, mikono kifuani, akisubiri ya saba. Bonface kiti cha mbele, suti nzima, akihesabu vichwa na kukosa raha. Nilimpungia mkono.

Nikamkaribisha Faraj. Akaketi, akakung'uta risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, kwenye goti, kichwa chini. Alipokiinua na kuona watu wote wale wamekuja kwa ajili ya banjo lake, uso wake ulifunguka hata nikaona vibaya kwa sekunde moja. Ikapita.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, shingo zimenyooka. Ya tatu ikaanza tu, Bi Mejumaa akainuka.

Na Bi Aida akainuka!

Wote wawili, kwa pamoja, noti mkononi, wakaja mbele kwa mwendo wa maringo, na kila mmoja anamwelekezea mwenzake noti puani. Nyekundu wakapiga vigelegele. Zambarau wakapiga vikubwa zaidi. Walipofika kwa Faraj wakazimwaga noti juu ya banjo. "Rudia!" Akarudia. "Rudia!" Tena. Maskini Faraj hajawahi kutunzwa maishani, fedha za harusi huenda kwa mwimbaji. Noti zilinasa chini ya nyuzi na banjo likatoa sauti ya kukohoa, naye anazisukuma kwa kiwiko, ananiangalia, anauliza kwa macho amefanya nini. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Wimbo ulionitoa machozi Jumatatu, na haikusikika hata sauti yake moja.

Ya nne ikapita katika kelele. Kisha ya tano.

Ukumbi mzima ukageuka. Kuniangalia mimi! Nyekundu na zambarau, kwa mara ya kwanza, pamoja!

Nikainuka. Mpango ni mpango. Mfukoni nilikuwa na noti moja tu. Nikaenda nayo mbele kwa madaha, bega hili, bega lile. Kicheko. Nikaongeza madaha. Kicheko kikaongezeka. Nikampa Faraj noti, akaipokea kwa mikono miwili na kuninong'oneza ni ya nini. Watu wakaanguka juu ya viti. Hapo sikujiweza tena. Nikanyakua kipaza sauti na kupiga kelele kwamba hizi nyimbo hazimsemi mtu yeyote! Hakuna fumbo hata moja! Yote nimeyatunga mimi!

Vicheko vikakatika.

Kwa muda mfupi nilijiona nimeshinda. Halafu nikasikia nilichosema.

Bi Mejumaa akauliza, sauti ya chini kabisa, "Girifini. Na ya tatu?" Nikasema hata ya tatu. Bi Aida kutoka upande wa pili, "Hata ya tatu?" Hata ya tatu. Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu masika ya mwaka juzi, kisha wakanitazama mimi, na nilitamani warudi kutazamana.

Mikoba ikachukuliwa. Viti vikaburuzwa. Nyekundu wakaelekea mlangoni, zambarau wakaelekea mlangoni. Bonface akanyoosha tai. Na Faraj, bila kumlaumu mtu, akainama chini ya kiti akatoa shuka. Alikuwa amekuja nayo! Akaanza kuikunjua juu ya magoti. Nimeaibika mara nyingi mjini hapa, lakini ile shuka sijui nitaisahau lini.

Ndipo akasema. Faraj, kwenye kipaza sauti! Alikitoa mkononi mwangu taratibu. Akasema anaomba radhi kwa usumbufu, ila ya tatu isije ikachukuliwa vibaya. Ni ya mamake, marehemu Bi Mahira. Alikuwa akishona kofia barazani, na sindano ameibana midomoni, kwa hiyo hakuweza kuimba maneno. Alivumisha tu, mdomo umefungwa. Yeye Faraj alilala na kuamka kwa sauti hiyo, na harusi zote alizowapigia waimbaji alikuwa akiisikia chini ya maneno yao. Hakuona mwimbaji angekaa wapi. Akasema ni hilo tu.

Bi Aida alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama. Akasema bila kugeuka kwamba Mahira alikuwa akishona nao.

"Barazani pangu," akasema Bi Mejumaa.

"Petu sote," akasema Bi Aida. Kisha akawageukia watu wake kwa ukali ambao sijausikia hata bandarini. "Kaani kitako!"

Wakakaa. Nyekundu nao wakakaa, popote, viti vya watu.

Akapiga ya tatu. Hakuna aliyeinuka. Hakuna noti. Katikati ya wimbo nikasikia mvumo, nikadhani ni spika, kumbe ni Bi Mejumaa, mdomo umefungwa, macho ukutani. Bi Aida akauchukua. Watu wazima wawili, pande mbili za ukumbi, na banjo likipita katikati yao. Gunga alikuwa akilia waziwazi na ya saba haijafika. Mimi sikulia. Ndiyo, nililia.

Akaendelea mpaka ya tisa na watu walisikiliza. Walisikiliza banjo! Ya sita ilipofika Bonface alifumba macho na kuimba wimbo wake wa mazishi polepole, kwa heshima, na chakacha ilipoingia kiuno chake kikaitikia kabla hajakionya. Nimeona. Ukumbi mzima umeona.

Mwishoni Faraj akanivuta kando akaniuliza kama hawakupenda, kwa vile tangu ile ya tatu ya mwisho hakuna aliyetunza. Nikamwonyesha ukumbi kwa kidole. Watu walikuwa wamekaa tu, hawataki kuondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Sikufukuzwa chumbani. Adhabu ni mbaya zaidi. Bi Mejumaa ameamuru nipite kila nyumba niliyoipita Jumanne na kusema kwa kinywa changu kwamba nilidanganya. Bi Aida alinisindikiza, kuhakikisha nasema kwa sauti.

Wengi walisikitika. Wamekuwa watu wa kusemwa kwa siku nne na sasa ni watu wa kawaida. Gunga aliniuliza mara mbili kama nina hakika ya saba haimhusu. Alikuwa ameshaanza kuongeza tui kwenye mbaazi na wateja wameongezeka. Nikamwambia haimhusu. Akaniuzia mahamri ya jana.

Alasiri tumeitwa kwa Faraj, mimi na Bonface. Bonface alikuja na barua ya kwaya na kinanda kidogo cha betri. Faraj akatushukuru kwa urefu, akatuuliza hali zetu, akatumiminia kahawa. Kisha akasema hapana. Kwetu sote wawili! Faraj amekataa kitu! Akasema mameneja wake tangu leo ni Bi Mejumaa na Bi Aida. Wameshamtafutia mialiko ya kupiga peke yake, ukiwemo mmoja Kizingo, kwa watu wenye bustani, na wamekataza mtu yeyote kuzungumza ya tatu ikipigwa. Wanakubaliana kwa kila jambo isipokuwa mlizamu.

Nimelitazama banjo. Lilikuwa ukutani, halina shuka. Nilifurahi na niliumia, yote kwa pamoja, nikashindwa kumaliza kahawa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari mchana kutwa na nimejifunza. Naandika ili nikumbuke: kamwe, kamwe, sitamzulia mtu kwamba wimbo unamsema. Nimekuwa mtu mpya. Hata Bi Mejumaa ameitikia salamu yangu, ingawa kwa nusu.

Jioni Faraj amekuja kunitembelea mwenyewe, na banjo. Moyo mzuri huyu. Akasema ametunga wimbo mpya, na huu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, una mtu wake kweli. Nikashika ukuta. Nikamuuliza ni nani. Akasema nisikilize tu.

Akapiga akiniangalia mimi moja kwa moja. Hakuwa na mwingine wa kumwangalia, tulikuwa wawili.

Salaala! Wimbo unatoka mbio, unapanda, unajikwaa. Unajieleza. Unavuka upande wa pili, unajikwaa tena. Unajisifu, unakosea, unajisifu kwa kule kukosea. Kisha unasimama, unatulia kabisa, unataka kuomba msamaha, na kabla haujamaliza unaona kitu kingine na kukikimbilia. Nimecheka mpaka nikalala sakafuni. Sijawahi kusikia mtu akichorwa waziwazi namna hii. Nikamuuliza Faraj kama mwenyewe anajua.

Akanitazama kwa muda mrefu, kwa upole. Akasema bado, naona.

Maskini Bonface!

Na hapa siwezi kulaumiwa na mtu. Sikuzua. Faraj mwenyewe ametamka kwamba una mtu wake. Ni haki Bonface aambiwe mapema, na rafiki, kabla hajacheza wimbo huo mbele za watu na kuaibika. Nitamwambia kesho ofisini, taratibu, asishtuke. Bi Mejumaa nimeshamdokezea, kwa jicho tu. Bi Aida taa yake bado inawaka, ngoja nivuke mara moja.